Nilivyomwita Mkuu wa Kijiji Babu

Jamani, leo nimeadhirika.

Si kule kuadhirika kwa kawaida, ukakanyaga barafu ukaanguka mbele ya watu wa stesheni. Huko nimeshazoea. Leo nimeadhirika kwa kipaza sauti. Na nawaandikia mwenyewe hapa kikundini, kabla Mama Furaha hajawatumia ile video (najua unayo, Mama Furaha, nilikuona umeinua simu). Kwa hiyo tulieni, mtu asinikatize, na anayetafuna ameze kwanza.

Wengi mnamjua jirani yangu Ratna, tunakaa naye ngazi moja hapa Rågsved, Stockholm. Kwa msiomjua, ni mama wa Kiindonesia, tunafanya kazi pamoja jikoni kwenye shule. Mpole mno. Sauti yake ukiwasha feni ya jiko tu huisikii tena. Kwao ni kijiji kinaitwa Banyulirih, katika kisiwa cha Java, na mkuu wa kijiji hicho ni mjomba wake, Pak Darmo.

Sasa watu wa Banyulirih wamejenga nyumba ya wageni kwa mikono yao. Nzuri, ya mbao na mianzi, baraza inatazama mlima. Tangu imalizike imefungwa kufuli, maana hakuna mgeni anayejua kama duniani kuna mahali panaitwa hivyo. Vijana wanaondoka mmoja mmoja kwenda viwandani mjini. Pak Darmo akawaambia watu wake, "Kama wageni hawatujui, mie nitawafuata huko waliko." Akaja Stockholm. Hajawahi kupanda ndege maishani, na mfukoni kaja na ufunguo wa ile nyumba.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ratna alikodi ukumbi wa jumuiya hapa mtaani, kukitangaza kijiji kwa wageni na wawekezaji. Mgeni aliyesubiriwa hasa ni bibi mmoja wa Kiswidi, Birgitta, kiongozi wa kikundi cha wastaafu wanaopenda kutembea milimani. Kila msimu wa baridi wanasafiri pamoja, na safari hii walikuwa wanachagua kati ya Banyulirih na hoteli moja ya pwani nchi nyingine. Waamue leo leo, mle mle ukumbini. Wakisema ndiyo, kufuli linafunguliwa. Wakisema hapana, Pak Darmo arudi na ufunguo wake, na akifika awaambie nini wale waliobeba mbao mabegani?

Nikaombwa mie nisome maelezo ya kijiji kwa Kiswidi. Si kwa elimu, ni kwa sauti. Mtu anayepanga watoto wa shule nzima mbele ya viazi kila siku ana koo la chuma.

"Zuwena," Ratna akaniambia tangu jana, "usome kilichoandikwa. Usiongeze."

"Niongeze nini mie?"

(Nikaongeza.)

Lakini kosa halikuanzia ukumbini, lilianzia jikoni kwangu. Wakati tunayaandika hayo maelezo, Ratna anasema neno la kwao na mie naruka kitini. Dunia kwao ni dunia! Sabuni ni sabun. Karatasi ni kertas. Bendera ni bendera, herufi kwa herufi. Wakijuliana hali wanasema "apa kabar", na mie nikamwambia Ratna, hiyo ni habari hiyo, imekaa safarini sana tu. Wallahi nilisisimka mwili. Bahari yote ile katikati, na watu hawa wanaosha vyombo kwa neno lilelile ninalooshea mie.

Ndipo nikajitungia kanuni: neno la Kiindonesia likinipotea, natia la Kiswahili mahali pake, litapita. (Wenye akili mmeshaliona shimo.) Nilikuwa na maneno yangu machache ya kweli. Ini, yaani hiki au huyu. Saya, yangu. Kita, yetu. Besar, kubwa. Makan, kula. Kwa mtaji huo nikajiona balozi.

Asubuhi nikaamka nikapika sufuria kubwa la kuku wa nazi kwa ajili ya wageni. Nikavaa gauni langu la Idi. Binti yangu Salma akanisaidia kubeba sufuria, njiani nafanya mazoezi ya hotuba kwa sauti, watu wa kituo cha basi wananitazama. Salma, ambaye mie nikisema Kiswahili yeye hujibu Kiswidi, akaniambia, "Mamma, snälla, bara läs." Mama tafadhali, soma tu. Sasa wawili wamenionya, na mie masikio nimeyavaa kama hereni.

Tukafika. Nikamkuta Pak Darmo amesimama mlangoni. Mtu mzima, mfupi, mkavu, masharubu meupe, kofia nyeusi kichwani, shati la batiki lenye majani. Juu ya shati koti la mume wa Ratna, mikono ya koti imemfunika mpaka kucha. Uso mkali. Si mtu wa kuchekacheka huyu, nikasema moyoni. Akanitazama, akatia mkono mfukoni, akanipa kifuko cha kitambaa.

Nikakinusa. Karafuu!

Niacheni kidogo hapa. Mie mtoto wa Pemba. Nimekua nikichambua karafuu na makonyo kwenye jamvi, vidole vinanuka mpaka shuleni. Nikajua karafuu ni yetu, tumeumbwa nayo. Kumbe Ratna kanieleza jikoni kwamba mkarafuu asili yake ni visiwa vya kwao huko, kwetu ulikuja mgeni ukatuzoea. Na leo mtu ametoka huko na karafuu mkononi, ananipa mie, ndani ya Stockholm, nje theluji inaanza kudondoka. Machozi yalinilenga. Sikuona haya hata kidogo, na sasa pia sioni.

Basi nikajiuliza, mtu kama huyu nimwiteje mbele za watu? Ratna kanifundisha "Pak Darmo", ndiyo heshima yao. Pak! Hebu semeni wenyewe kwa sauti. Mie nililelewa kwa adabu, nimwite mtu mzima Pak? Si paka asiye mkia huyo! Nikasema haiwezekani. Mtu huyu nitampa heshima yake kamili, ya kwetu, isiyo na mjadala. Nitamwita Babu.

Ukumbi ukajaa. Mbele wamekaa Waindonesia wa hapa mjini, wamependeza. Katikati Waswidi na vikombe vyao vya kahawa, Birgitta kati yao, miwani myekundu, daftari halipo, kalamu haipo, mikono ameikunja tu anasikiliza. Pembeni bwana mmoja na begi la kompyuta, alijitambulisha kuwa ni mwekezaji. Nyuma kabisa safu yetu, wale niliowaburuta waje kunishangilia: Mama Furaha, Mkongo wetu wa Norsborg, na Hajat Aisha, Mganda wetu aliyekuja na treni toka Upplands Väsby na mandazi kwenye mfuko, na Salma amejikunyata katikati yao.

Nikasoma. Na nasema ukweli, nilisoma vizuri.

Nikasoma kwamba Banyulirih kipo pale barabara inapoishia, ukitaka kwenda mbele unakwenda kwa miguu na mbele yako ni mlima. Picha zikawa zinapita ukutani. Mashamba ya mpunga yamekatwa ngazi ngazi toka bondeni mpaka kwenye ukungu, kazi ya mikono ya watu ambao hata majina yao hayajulikani tena. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia. Nikafika kwenye ile habari ya maji, ambayo jikoni niliisoma sijui mara ngapi na kila mara inanisimamisha. Maji yanatoka chemchemi ya juu, lakini wa kwanza kujaza shamba ni yule wa chini kabisa. Akitosheka, anagonga gogo la mwanzi, ko ko ko. Wa juu yake akisikia, anafungua lake, naye akitosheka anagonga. Mlio unapanda mlima shamba kwa shamba mpaka umfikie wa mwisho, na huyo wa mwisho ndiye anayekaa kando ya chemchemi. Aliye karibu na maji ndiye anayesubiri!

Jamani. Kwetu aliye karibu na bomba anajaza ndoo za ukoo mzima na za mashemeji, ndipo wengine tunaitwa. Ukumbi mzima umetega masikio. Hata Waswidi waliacha kunywa kahawa. Nikamtazama Pak Darmo, kakaa wima kitini, ameshika ufunguo wake kwenye goti, anasikiliza jina la kijiji chake linavyotamkwa katika lugha asiyoijua.

Kisha nikasoma ule mstari ambao Ratna alikataa tuufute: "Simu inashika ukisimama kwenye ukuta wa msikiti, upande wa mashariki." Alisema wakija wakakuta haishiki wataona tumewadanganya. Basi hapo yule mwekezaji akafunga begi lake polepole, akanyanyuka, akaondoka kwa kunyata. Kwa hiyo akabaki Birgitta tu. Tumaini lote la kijiji limekaa nyuma ya miwani myekundu.

Karatasi ikaisha. Watu wakapiga makofi. Ningekaa hapo, leo ningelala usingizi wangu.

Lakini yale makofi yalinipanda kichwani. Nikasema, watu hawa wa mbele wametoka mbali, wasikie na neno la kwao. Nikashika kipaza sauti vizuri.

"Selamat datang!" Karibuni. Hilo ni la kweli, nilifundishwa. Wakafurahi, wakanipigia makofi.

Nikanyoosha mkono kwenye sufuria langu. Nikataka kusema, kuleni kuku wangu. Kula ni makan. Wangu ni saya. Kuku? Nikatia la kwetu.

"Makan kuku saya!"

Baba mmoja wa safu ya mbele akatazama vidole vyake. Mkewe akaziba mdomo. Kicheko kidogo kikapita. Nikasema, masikini, wana njaa.

Nikamgeukia Ratna. Nikataka watu wajue kwamba huyu si jirani tu, ni ndugu yangu. Nikaweka mkono kifuani, hapa kwenye moyo, kama tunavyofanya.

"Ini Ratna. Dada saya!"

Kicheko kikaongezeka. Kwa kuwa Ratna ni mkubwa kwangu kwa umri, nikaona nimpe na ukubwa wake. Mkono bado uko kifuani, nikakipigapiga.

"Dada besar saya!"

Lo! Safu ya mbele ililala. Mzee mmoja anajipangusa machozi. Ratna kawa mwekundu, ananitikisia kichwa, macho yamemtoka, na mie nikajua ni haya zake za kawaida. Nyuma nikamsikia Salma, "Mamma, sluta!" Acha mama. Niache wapi, na watu wanacheka hivi? Nilijiona mchekeshaji. Nikasema kumbe nina kipaji, miaka yote hii nakimaliza kwenye viazi.

Sasa nikamalizia na aliye mkubwa kuliko wote. Nikamgeukia Pak Darmo. Nikainama kwa adabu, nikanyoosha mikono yote miwili kumwelekea, sauti nikaishusha iwe nzito, ya heshima.

"Na huyu… Ini babu kita!"

Kicheko kikakatika.

Nikadhani hawakusikia. Nikapandisha sauti.

"Babu kita! Babu besar!"

Mashine ya kahawa ikasikika inavyonguruma. Yule mzee aliyekuwa anajipangusa machozi akaacha kitambaa shavuni. Pak Darmo akaweka kikombe chini. Akautazama ufunguo wake, akautia mfukoni, akasimama, akapita katikati ya viti bila kumtazama mtu. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, mlango ukajifunga.

Ratna akanijia. Kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake bila kutega sikio.

"Zuwena. Umemwitaje?"

"Babu. Si babu? Babu ni… baba wa baba! Mwenye heshima!"

"Kwetu babu ni kijakazi. Mtumishi wa jikoni. Neno la dharau, la enzi za wakoloni. Hata mtumishi mwenyewe huwezi kumwita hivyo siku hizi."

Nikauliza kwa woga, "Na dada?"

Ratna akaweka mkono kifuani kwake. Akaushusha kidogo.

"Na kuku?"

Akanionyesha kucha zake.

Hebu jumlisheni wenyewe. Nimesimama mbele za watu na gauni la Idi, nimewakaribisha wale kucha zangu, nikawaonyesha kifua changu kikubwa huku nakipigapiga, kisha nikamtangaza mkuu wa kijiji, mtu mzima aliyevuka dunia kutafutia watu wake riziki, kuwa ni kijakazi wetu sote. Kijakazi mkubwa!

Na Birgitta, ambaye alikuwa haelewi hata neno moja la Kiindonesia lakini macho anayo, akamwinamia mwenzake akamuuliza, "Amekasirika? Labda tusiwasumbue watu hawa." Akaanza kutafuta mtandio wake. Nikaliona lile kufuli la Banyulirih linavyoshika kutu.

Nikatoka mbio. Koti sikuchukua. Ratna alitaka kunifuata, nikamwambia, "Wewe wazuie Waswidi. Wape kuku. Wape kitu chochote!"

Nje theluji ilikuwa inashuka mtindo mmoja. Pak Darmo amesimama kando ya baiskeli, mgongo amenipa. Nikasogea najiandaa kutukanwa, na ningetukanwa ningepokea. Kumbe mtu ameukunjua mkono toka ndani ya lile koti refu, kiganja juu, anatazama theluji inavyotua na kuyeyuka, inavyotua na kuyeyuka. Mdomo wazi. Hasira zilikuwa bado usoni, lakini hazikuwa na pa kukaa. Nikasimama naye. Miaka yote niliyokaa hapa theluji naisukuma kwa koleo na kuilaani, leo nikaitazama kama naiona kwa macho yake. Ni kitu cha ajabu, jamani. Inashuka yote ile na haipigi kelele.

Kisha nikakumbuka nilichofuata.

"Pak Darmo," nikasema. (Pak! Kwa adabu zote! Paka na mkia wake wote!) "Babu…"

Uso ukakunjamana palepale.

"Hapana, hapana! Baba," nikasema, nikainua mkono juu ya kichwa changu. "Baba wa baba." Nikainua mkono juu zaidi. Nikakunja mgongo, nikajishikia fimbo ya hewani, nikakohoa, nikajitia masharubu. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mbwa akavuka barabara.

Pak Darmo akanikazia macho. "Bapaknya bapak?" akauliza. Kisha akasema, "Kakek?"

Nikadhani anataka keki. "Keki ipo!" nikamwambia. "Ipo ndani! Tele!"

"Kakek," akasema tena, akajishika masharubu, akakunja mgongo kama nilivyokunja mie. (Baadaye Ratna kanieleza, kakek kwao ndiye babu.)

Hapo maneno yakaniishia. Nikafanya lile moja nililobaki nalo. Babu yangu ndiye aliyenilea, na alipokuwa akirudi shamba hakuna aliyebaki ameketi, tunamkimbilia wote na shikamoo zetu. Nilishawaona watoto wa Ratna wakimwamkia mtu mzima, wanaushika mkono wake wanauweka kwenye paji la uso. Nikaushika mkono wa Pak Darmo, baridi, umelowa theluji, nikauweka kwenye paji langu. Nikasema, "Shikamoo."

Kisha nikasikia kitu kama kikohozi. Kuinua macho, mtu anacheka! Yule mkali! Akajionyesha kidole, "Babu," akaigiza kufagia. Akajionyesha tena, "Babu!" akaigiza fimbo na mgongo. Kisha akafagia huku amekunja mgongo, vyote pamoja, hapo kwenye theluji, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Nikaiokota. Nikamfutia theluji. Tukaingia ndani tumeshikana mikono, mie natetemeka meno yanagongana.

Ukumbini Birgitta alikuwa bado yupo, sahani ya kuku mkononi (ahsante Ratna). Pak Darmo akasimama mbele, akasema na Ratna akatafsiri, habari nzima, babu wa kwao na babu wa kwetu. Waswidi walipoelewa, walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Kisha Birgitta akasimama.

"Nitasema ukweli," akasema. "Wenzangu walikuwa na hofu moja tu. Hatujui lugha, hatujui mila, tuliogopa kwenda kwa watu tukakosea tukawaudhi. Ndiyo maana wengine walitaka hoteli." Akanitazama mie. "Sasa hofu imekwisha. Hakuna kati yetu anayeweza kukosea zaidi ya huyu mama."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Yaani ninapigiwa makofi kwa kuwa mfano wa mwisho!

Pak Darmo akatoa ule ufunguo, umefungwa kwa uzi mwekundu, akauweka kwenye kiganja cha Birgitta ili auone tu. Birgitta akaufumba mkono.

"Huu tutaurudisha wenyewe," akasema. "Mwezi wa pili."

Ratna akajaribu kutafsiri, sauti ikamkatika, akaonyesha tu kwa vidole: wanakuja. Pak Darmo akavua kofia, akaishika kifuani, akatazama chini. Mie nikalia. Hajat Aisha akalia. Nikasema alhamdulillahi, yamekwisha, na aibu yangu imezaa kheri, sasa niende nyumbani.

Hayakwisha.

Pak Darmo akachukua kipaza sauti. Akanishika mkono, akauinua juu kama wa bondia aliyeshinda. Anataka ukumbi mzima ujue kwamba kama yeye ni babu yangu, basi mie ni mjukuu wake. Mjukuu kwa Kiindonesia wanaandika c-u-c-u. Wanavyolitamka, jamani, wanavyolitamka!

"Ini chuchu saya!" akatangaza kwa fahari.

Safu ya mbele wakapiga makofi kwa upendo. Safu ya nyuma nikasikia kiti kimeanguka.

"Mama yangu weee!" Mama Furaha yuko chini, miguu juu, simu ameishikilia vilevile. "Banamuita chuchu! Devant tout le monde! Mbele ya watu wote!"

"Banange, Zuwena!" Hajat Aisha kajifunika uso kwa mfuko wa mandazi.

Pak Darmo akaona safu ya nyuma wamefurahi kupita kiasi. Na mtu akichekewa anaongeza, hilo nalijua mie kuliko wote. Akaniinua mkono juu zaidi.

"Chuchu besar!"

Salma, aliyezaliwa hapa, anayejifanya Kiswahili hakijui, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe kinamwingia chote. Waswidi wanatazama kulia, wanatazama kushoto. Birgitta akaniuliza kwa upole, "Amesema nini?" Nikamwambia amesema mjukuu. Sikusema uongo.

Na hivi ninavyoandika, Ratna amenigongea mlango sasa hivi. Mjomba wake amepiga simu kijijini. Watu wamepiga kelele za furaha mpaka yule aliyesimama kwenye ukuta wa msikiti alikuwa hasikii anachoambiwa. Na wameshakubaliana: chumba cha kwanza cha nyumba ya wageni, kile chenye baraza ya kutazama mlima, kinapewa jina langu. Fundi anachonga kibao cha mlangoni kesho. Nikauliza, wanaandika Zuwena? Ratna akatazama pembeni.

Somo nimelipata: ukipewa karatasi, soma karatasi. Ratna kifua, mie chuchu, tumekamilika. Na wewe Mama Furaha, hilo jina la kikundi ulilobadilisha hivi punde lirudishe lilivyokuwa, maana kazini simu yangu hukaa mezani, na bosi wangu wa jikoni ni Mtanzania, neno chuchu halimhitaji mkalimani.